Pombe, Chai na Kahawa kwa Mbudha wa Kawaida: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Anayeanza kuufuata Ubudha hukutana na swali hili mapema kuliko anavyotazamia. Ameketi na wenzake, glasi inasogezwa mbele yake, naye anajiuliza: hili limekatazwa, au ni hiari yangu? Asubuhi yake anashika kikombe cha kahawa, na swali linarudi kwa sura nyingine: kama pombe ina neno, je, na hiki? Nimeishi na swali hili kwa miaka, mwanzoni nikitafuta mwanya wa kuponyokea, baadaye nikitaka jibu la kweli. Ninayoyaandika hapa ni kwa mlei mwenye kazi, ndugu na marafiki. Watawa wana kanuni zao, nami nitazigusa pale tu zinapotusaidia.

Kwanza, maneno yenyewe

Mlei wa Kibudha hujitwika mambo matano: kutoua, kutochukua asichopewa, kutokosea katika mambo ya ngono, kutosema uongo, na la tano ni la vileo. Kwa Kipali, lugha ya maandiko ya Theravada (tawi la Ubudha lenye wafuasi wengi Sri Lanka na Thailand), la tano husomwa hivi: *Surameraya-majja-pamadatthana veramani sikkhapadam samadiyami*.

Inafaa kulipitia neno kwa neno. *Sura* ni pombe ya unga, wali au hamira. *Meraya* ni ile ya maua, matunda, asali au sukari. *Majja* ni kileo kwa jumla. *Veramani* ni kujiepusha. *Sikkhapada* ni funzo, jambo la kujizoeza, na *samadiyami* ni "najitwika". Hakuna anayekuamuru hapo. Ni wewe unayesema kwa kinywa chako kwamba unalichukua zoezi hili, na ndiyo maana kulivunja hakumwudhi yeyote mbinguni. Hasara inabaki kwako na kwa wanaoishi nawe.

Neno lililobeba uzito wote ni *pamada*. Kiswahili kina neno linalolitosha: mghafala. Kughafilika si kulewa chakari. Ni kuacha kuangalia: ulimi ukasema, mkono ukafanya, na mwenye ulimi na mkono hayupo. Kinyume chake, *appamada*, kutoghafilika, ndilo neno Buddha alilolitumia katika usia wake wa mwisho kabla ya kufa: alisema vyote vilivyoungwa huharibika, akawahimiza wanafunzi waikamilishe kazi yao bila kughafilika. Ukijua hilo, unaona kwa nini pombe imewekwa mahali ilipowekwa. Inaleta kile hasa ambacho njia nzima imejengwa kukiondoa.

Kisa cha Sagata

Kanuni ya watawa kuhusu pombe ilitokana na tukio moja. Mtawa Sagata alikuwa na nguvu za ajabu za akili, akamshinda nyoka mkali wa kichawi aliyekuwa akiogopwa na watu. Habari zikaenea. Waumini wa mji wa Kosambi, kwa kutaka kumheshimu, wakamwandalia pombe nyumba kwa nyumba. Akanywa kila alikopita, na alipokuwa akitoka mjini akaanguka langoni. Wenzake wakambeba, wakamlaza kichwa kikielekea kwa Buddha. Akagaagaa, akageuka, miguu yake ikamwelekea mwalimu wake. Buddha akawauliza watawa: huyu hakuwa mwenye adabu kwangu zamani? Hakumshinda nyoka yule? Na sasa angeweza kumshinda hata mjusi wa majini?

Katika kisa hiki hakuna aliyepigwa, hakuna aliyeibiwa, na waliomnywesha walimpenda. Sagata hakuwa mtu dhaifu. Alikuwa na akili iliyofunzwa kuliko yangu na yako, na bado ilichukuliwa katika matembezi ya asubuhi moja. Mtu akiniambia kwamba yeye anajimudu, humkumbuka Sagata.

Kwa nini "kwa kiasi" ni jibu gumu

Katika mafundisho aliyompa kijana Sigala, Buddha alitaja hasara sita za ulevi: mali kupotea, ugomvi kuongezeka, maradhi, kuharibika jina, kuvuka mipaka ya aibu, na akili kudhoofika. Tano za kwanza hata jirani anaziona. Ya sita haionekani, hasa na mwenyewe.

Mtu husema: kanuni inakataza mghafala, mimi nakunywa kidogo na sighafiliki. Hoja hii ina akili, na baadhi ya walimu wa leo wanaikubali. Mimi siikubali, kwa sababu moja: anayepima kama umeghafilika ndiye yuleyule aliyemiminiwa. Kwenye glasi ya kwanza hakimu yupo. Kwenye ya pili hakimu naye amekunywa, na hukumu anayoitoa humpendeza kila mtu mezani. Ndiyo maana uamuzi kuhusu pombe unatakiwa kufanywa kabla, akili ikiwa kavu. Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya hilo.

Upo upande mwingine ambao watu huusahau. Katika fundisho moja Buddha aliziita kanuni hizi tano zawadi kubwa: anayejiepusha na vileo huwapa viumbe wasio na idadi usalama wa kutomwogopa. Mtoto aliyewahi kusikiliza mlango ukifunguliwa usiku, akijaribu kutambua kwa sauti ya hatua kama mzazi amelewa, anaijua thamani ya zawadi hiyo bila kufafanuliwa.

Madhehebu hayasemi sawa

Theravada hushika kujiepusha kabisa kama maana ya wazi ya kanuni, ingawa walei wengi katika nchi zake hunywa. Katika Mahayana, tawi la Ubudha lililoenea Asia ya Mashariki, andiko la China liitwalo Sutra ya Wavu wa Brahma linaweka kuuza pombe miongoni mwa makosa kumi makubwa, na kuinywa miongoni mwa yale arobaini na manane madogo. Anayewanywesha wengine amebeba mzigo mzito kuliko anayejinywesha. Japani makasisi wengi hunywa sake, pombe ya mchele, na kuna jina la kistaarabu walilolipa, "maji ya hekima". Katika baadhi ya ibada za Vajrayana, tawi la Ubudha linalofuatwa Tibet, kileo hutumika kidogo mno kama kitu kilichotakaswa, na haifai kuigeuza ibada hiyo kuwa ruhusa ya mwisho wa juma. Mwalimu wa Kivietinamu Thich Nhat Hanh, aliyefariki mwaka 2022, aliipanua kanuni ya tano: aliweka pombe na dawa za kulevya pamoja na kamari, na hata vipindi na michezo ya kielektroniki inayoitia akili sumu.

Fuata mwalimu wako na utaratibu wa jumuiya yako. Nionyalo ni hili tu: usizunguke madhehebu kama mnunuzi, ukitafuta lile litakalokupa jibu ulilokwisha kuchagua.

Hatua ya kwanza: jiangalie kwa wiki mbili

Kabla ya kuapa lolote, tazama. Buddha alimfundisha mwanawe Rahula kutumia kioo: kama kioo kilivyo cha kujitazamia, ndivyo kila tendo litazamwe kabla ya kufanywa, linapofanywa, na baada ya kufanywa. Je, linaniumiza? Linawaumiza wengine?

Chukua daftari. Kila unapokunywa pombe, chai au kahawa, andika mistari mitatu. Kabla: ni saa ngapi, nani yupo, na mwilini unasikia nini? Kiu, uchovu, woga wa watu, upweke, au hakuna kitu ila saa imefika? Wakati: unausikia utamu wake, au umeshamaliza kikombe bila kukumbuka ulivyokinywa? Baada: asubuhi ikoje, usingizi ulikuwaje, kuna neno ulilolisema ambalo usingelisema?

Usijirekebishe bado. Mwandishi wa daftari hili ni shahidi. Wengi hugundua kwamba kile walichokiita kupenda pombe ni kutojua namna nyingine ya kukaa na wageni, na kile walichokiita kupenda kahawa ni deni la usingizi.

Hatua ya pili: amua, na uweke mpaka unaoonekana

Mpaka wa "kidogo" hauonekani. Mpaka wa "hapana" unaonekana. Nafasi zipo tatu.

Ya kwanza ni kuacha moja kwa moja, kwa kuisema kanuni kwa sauti mbele ya mwalimu, mbele ya sanamu, au peke yako. Hii ndiyo ninayoipendekeza, na kwa watu wengi ni rahisi kuliko wanavyohofia, maana mjadala wa kila jioni unakwisha.

Ya pili ni kuanza na siku za Uposatha, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na katika sehemu nyingi robo zake pia. Siku hizo walei wenye bidii hushika kanuni nane badala ya tano. Nchini Sri Lanka maduka ya pombe hufungwa siku za mwezi mpevu, zinazoitwa Poya.

Ya tatu ni kipindi maalumu. Nchini Thailand watu wengi huacha pombe kwa miezi mitatu ya mafungo ya masika, wakati watawa wanapotulia mahali pamoja. Miezi mitatu inatosha kukuonyesha jinsi mwili na nyumba vinavyokuwa bila kileo, na huna haja ya kuahidi maisha yako yote siku ya kwanza.

Hapa pana onyo ambalo lazima nilisisitize. Kama unakunywa kila siku na kwa wingi, au ukikosa pombe asubuhi mikono hutetemeka na jasho hukutoka, usiache ghafla peke yako. Kuacha pombe ghafla kwa mwili uliozoea kunaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa, na watu hufa kwa hilo. Nenda kwa daktari, uache chini ya uangalizi. Kutafuta tiba si udhaifu wa imani, na kutafakari hakuzuii degedege.

Hatua ya tatu: kukaa na hamu inapokuja

Mafundisho ya Buddha yana ramani ya jinsi hamu inavyozaliwa: mguso huleta hisia, ya kupendeza au ya kuudhi, hisia huleta kiu, kiu huleta kung'ang'ania. Mguso huwezi kuuzuia, utaiona chupa. Hisia nayo itakuja. Nafasi yako ni pale kati ya hisia na kiu, na ni nafasi nyembamba.

Hamu ikija, simama au keti ulipo. Itafute mwilini: iko kooni, kifuani, tumboni, kwenye taya? Itaje kwa jina, kimoyomoyo: "hamu, hamu". Usibishane nayo na usiihubirie, maana mabishano ni chakula chake. Fuata pumzi kumi. Itazame ikipanda, ikikaa, na ikishuka, kwa maana hushuka. Mara nyingi dakika chache zinatosha kuona umbo lake likibadilika. Ikirudi, rudia. Mara chache za mwanzo utafanya kwa meno yaliyokazwa, na ni sawa. Baada ya siku kadhaa utaanza kuona kitu cha ajabu kidogo: ulichokuwa unakitaka sana hakikuwa pombe, kilikuwa ni hamu yenyewe iishe.

Hatua ya nne: mbele ya watu

"Asante, sinywi." Maneno mawili yanatosha, yakisemwa kwa uso wa furaha. Ukianza kueleza kanuni ya tano mezani umewafanya wenzako washtakiwa, na watajitetea. Buddha alifundisha kwamba neno liwe la kweli, la manufaa, na kwa wakati wake. Sherehe ya mwenzako si wakati wake. Anayekuuliza kwa dhati mkiwa wawili, mjibu kwa dhati.

Hakikisha mkononi una kinywaji chako kingine tangu mwanzo, maana mkono mtupu huwasumbua wenyeji. Ondoka mapema pale mazungumzo yanapoanza kujirudia.

Na kuwanunulia wengine? Buddha alitaja biashara tano ambazo mlei asizifanye: silaha, viumbe hai, nyama, vileo na sumu. Kumnunulia rafiki glasi moja si biashara, lakini roho ya fundisho iko wazi. Mimi hulipia chakula. Kama kazi yako ndiyo inayokulazimu kubeba glasi na una watoto wa kulisha, usijiache bila riziki kesho asubuhi. Weka nia ya kutafuta kazi nyingine, na uifanyie kazi nia hiyo.

Dawa, na bia isiyo na kilevi

Haya huwatesa watu bila sababu. Katika kanuni za watawa, Buddha aliruhusu mafuta ya dawa yaliyopikwa na pombe mradi rangi, harufu na ladha yake visionekane. Dawa uliyoandikiwa na daktari, inywe kama ilivyoandikwa. Kanuni hizohizo zinasema pia kwamba kinywaji kisicho kileo, hata kikifanana na kileo kwa rangi, harufu na ladha, si kosa. Kwa hiyo bia isiyo na kilevi haivunji funzo. Lakini kwa aliyekuwa mlevi, ladha ile ni mlango, na yeye ajiepushe nayo kwa usalama wake.

Hatua ya tano: kafeini

Kafeini haimo katika kanuni ya tano. Haikuondolei haya, haikugeuzi miguu ielekee kwa mwalimu wako. Zaidi ya hapo, historia ya chai imeshikana na ya Ubudha. Watawa wa Zen, madhehebu ya Mahayana yanayosisitiza tafakuri, walikunywa ili wakeshe wakitafakari, na hekaya inasimulia kwamba Bodhidharma, anayehesabiwa mwanzilishi wa Zen, akiukasirikia usingizi, alizikata kope zake na pale zilipoanguka ukaota mchai. Mtawa Eisai alirudi Japani kutoka China mwaka 1191 na mbegu za chai, na mwaka 1214 alimpelekea mtawala Minamoto no Sanetomo chai na maandishi yake kuhusu manufaa yake, mtawala huyo akiwa anaumwa kutokana na pombe ya usiku uliotangulia. Hadi leo, watawa wengi wa Theravada, ambao hawali baada ya adhuhuri, hunywa chai au kahawa kavu alasiri.

Pombe si chai, kama watu wasemavyo. Hata hivyo, kutokuwa kosa hakumaanishi hakuna la kuangalia. Miongoni mwa vizuizi vitano vya tafakuri, viwili vinahusika hapa: uzito wa usingizi, na mhangaiko wa akili. Kahawa hufukuza cha kwanza kwa kumkaribisha cha pili. Nimewahi kukaa saa nzima nikidhani nina umakini mkali, kumbe nilikuwa na moyo unaokimbia na mawazo yanayopishana.

Namna inavyofanya kazi inaeleza mengi. Uchovu hujilimbikiza ubongoni kwa kemikali iitwayo adenosini. Kafeini hukalia kiti chake, basi ubongo hausikii ujumbe, lakini uchovu haujaondoka. Kahawa haikupi nguvu, inakukopesha. Na inakaa: kwa mtu mzima wa kawaida, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Kikombe cha saa kumi alasiri, nusu yake unaingia nayo saa tatu usiku. Kisha asubuhi unaamka mzito, unakopa tena, na tafakuri yako ya alfajiri inafanywa na mtu mwenye deni.

Buddha alimkuta mwanafunzi wake Moggallana akisinzia katika tafakuri akampa orodha ya dawa, nami nashauri uijaribu kabla ya kikombe: achana na wazo lililoleta usingizi, yatafakari mafundisho, yasome kwa sauti, jivute masikio na kusugua viungo, simama, nawa macho, tazama nyota, leta picha ya mwanga akilini, tembea huku na huko. Yote yakishindikana, lala ubavu wa kulia ukiwa na nia ya kuamka. Mara nyingi jibu la mwisho ndilo la kweli: mwili unataka kulala.

Kwa vitendo, fanya hivi. Weka saa ya mwisho ya kafeini iwe saa sita mchana. Hesabu vikombe: mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inataja miligramu 400 kwa siku kama kiasi ambacho mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hakimdhuru, na 200 kwa mjamzito, kikombe cha kahawa kina miligramu 80 hadi 100 hivi, cha chai karibu nusu yake. Ukitaka kupunguza, punguza robo kila baada ya siku mbili tatu, maana kukata ghafla huleta kichwa kuuma na uzito kwa siku kadhaa. Kama unakwenda kwenye mafungo ya kimya, anza wiki mbili kabla, usije ukazitumia siku zako za kwanza ukiuguza kichwa.

Kisha chagua kikombe kimoja cha siku ukinywe peke yake. Simu mbali, kazi mbali. Mafundisho ya misingi ya uangalifu yanataja kunywa waziwazi kama jambo la kufanywa kwa kujua. Sikia joto kiganjani, mvuke puani, uchungu ulimini, na ile hamu ya kupiga funda la pili kabla la kwanza halijashuka. Kikombe hicho kitakufundisha kuhusu kiu kuliko maelezo yangu yote.

Ni vikombe vingapi hasa? Buddha alimwuliza Sona, aliyekuwa mpiga kinanda cha nyuzi kabla ya utawa, kama chombo hulia vizuri nyuzi zikikazwa mno au zikilegezwa mno. Daftari lako la wiki mbili litakuonyesha uzi wako uko wapi.

Ukiteleza

Alikuwepo Msakya mmoja, yaani mtu wa ukoo wa Buddha mwenyewe, jina lake Sarakani. Alipokufa, Buddha alisema ameingia mkondo, yaani amefika mahali ambapo harudi tena nyuma katika njia. Ndugu zake wakanung'unika: yule aliyeshindwa na mafunzo, aliyekunywa pombe? Buddha akawajibu kwamba Sarakani aliyakamilisha mafunzo wakati wa kufa kwake.

Kwa hiyo siku ukinywa, usiutumie usiku huo kujilaani, wala usiseme "mradi nimeharibu, niendelee". Kunywa maji, lala. Asubuhi nawa uso, keti, isome tena kanuni ya tano kwa sauti. Fungua daftari uandike ile mistari mitatu, hasa wa kwanza: nani alikuwepo na ulisikia nini kabla ya kunyoosha mkono. Kama ulimjeruhi mtu kwa neno au tendo, nenda kwake siku hiyohiyo ukamwombe radhi bila kuitaja pombe kama kisingizio.